Hatamu za Mwendo: Historia ya Uigaji katika Uhuishaji wa Kompyuta

Miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kuchorwa na kompyuta ni ile aliyoitengeneza Edward Zajac mwaka 1963 katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey nchini Marekani. Haina mhusika, haina kisa. Kinachoonekana ni kisanduku kinachoizunguka dunia, kikiyumba na kujigeuza, kisha kikitulia pole pole. Kisanduku hicho kilisimama badala ya setilaiti, na swali la Zajac lilikuwa la kihandisi: je, setilaiti inaweza kutulizwa angani kwa jairoskopu mbili zikisaidiana na nguvu ya uvutano, ili upande wake mmoja uielekee dunia daima wala usiipe kisogo? Zajac aliandika programu ya kukokotoa milinganyo ya mwendo wa setilaiti hiyo hatua kwa hatua. Kompyuta ya IBM 7090 ilifanya hesabu, na mashine nyingine ikachora matokeo ya kila hatua kwenye mkanda wa filamu. Mkanda ulipopitishwa kwenye projekta, safu ndefu za namba ambazo macho hayawezi kuzisoma zikawa mwendo unaoeleweka mara moja.

Kazi ya namna hiyo huitwa uigaji. Kitu halisi huundiwa modeli ya namba na kanuni, modeli hupewa hali yake ya kuanzia, kisha huachwa iende yenyewe kadiri saa ya ndani ya programu inavyosonga. Mtu huweka kanuni, mwendo hujitokeza. Historia ya uhuishaji wa kompyuta mara nyingi husimuliwa kana kwamba wasanii ndio waliotangulia na fizikia ikaletwa baadaye kuongeza uhalisia. Tarehe zinasema vingine. Uigaji ulikuwapo tangu siku za mwanzo, na kilichowachukua watafiti miongo mingi ni jambo gumu kuliko kuiga: kupata njia ya kumrudishia msanii hatamu za mwendo unaojiendea wenyewe.

Njia ya pili ya kuzalisha mwendo, mbali na uigaji, ilitoka kwenye meza za wachoraji. Katika studio za katuni za karne ya 20, kama ile ya Walt Disney iliyotoa filamu ya Snow White mwaka 1937, mchoraji mkuu alichora mikao michache iliyobeba maana ya tendo: mwanzo wa kuruka, kilele chake, kutua. Wasaidizi walijaza michoro ya katikati mpaka zikapatikana picha za kutosheleza sinema inayokwenda kwa fremu 24 kila sekunde. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada waliikabidhi kompyuta kazi ya wasaidizi hao. Msanii alichora mikao mikuu, na kompyuta ikakokotoa iliyo kati yake. Kwa mfumo wao Peter Foldès alitengeneza filamu fupi kuhusu ulafi na njaa, La Faim, iliyopata tuzo ya jopo la majaji katika tamasha la Cannes mwaka 1974.

Njia hii ya mikao mikuu ilitawala, na kwa uigizaji wa wahusika bado inatawala, kwa sababu inampa msanii mamlaka juu ya kila fremu. Gharama yake ni kwamba kompyuta haijui chochote kuhusu kinachosogea. Haijui kuwa mpira una uzito, wala kuwa ukuta haupenyeki. Mhusika mmoja anayekunja uso anaweza kuendeshwa hivyo. Moshi, mawimbi, nguo inayopepea na kundi la ndege elfu moja haviwezi, kwa kuwa hakuna studio yenye mikono ya kutosha.

Wakati huo, mbali na sinema, fani ya uigaji ilikuwa imekwisha kupata lugha yake. Katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni katika miaka ya 1960 lugha ya programu iitwayo Simula, kwa ajili ya kuiga mifumo yenye shughuli nyingi zinazoendelea kwa pamoja, kama vile foleni na viwanda. Toleo la mwaka 1967 lilikamilisha wazo la kuugawa ulimwengu wa programu katika vitu, kila kimoja kikiwa na hali yake na tabia yake. Kwa kazi hiyo wawili hao walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Kwa uhuishaji, mtazamo huo ulikuwa na maana kubwa. Filamu ikichukuliwa kuwa orodha ya michoro, lazima mtu aiandike yote. Ikichukuliwa kuwa kusanyiko la vitu vyenye kanuni zao, inaweza kuachwa iende. Craig Reynolds, aliyesoma chuo cha MIT, aliifuata fikra ya namna hiyo katika mfumo wake wa ASAS, ambamo kila kitu kwenye onyesho ni mwigizaji mwenye kipande chake cha programu kinachotekelezwa fremu hadi fremu. Mfumo huo ulitumika kwa sehemu ya picha za kompyuta za filamu ya Tron ya mwaka 1982.

Mwaka huo huo, watazamaji wa Star Trek II: The Wrath of Khan waliona ukuta wa moto ukiizunguka sayari iliyokufa na kuiacha ikiwa na uhai. Moto huo ulikuwa kazi ya William Reeves wa kitengo cha kompyuta cha Lucasfilm, kitengo ambacho mwaka 1986 kilijitenga na kuwa kampuni ya Pixar. Reeves hakuchora ndimi za moto. Alirusha chembe maelfu kwa maelfu, kila moja ikizaliwa na mahali pake, kasi yake, rangi, ukubwa na muda wa kuishi. Ikapanda, ikavutwa chini na uvutano, ikafifia, ikafa. Katika makala ya mwaka 1983 alieleza kuwa msanii haamrishi chembe moja moja. Huweka wastani na kiwango cha kutofautiana, kwa mfano kasi ya kawaida na kiasi ambacho chembe inaruhusiwa kuipita au kupungukiwa, na namba za kubahatisha za kompyuta hujaza yaliyobaki. Huo ulikuwa udhibiti wa aina nyingine: mtu anatawala umbo la jumla na kuviachilia vipande vyake. Vumbi, mvua na cheche katika filamu za leo bado hufuata mpango huo.

Chembe za Reeves hazikujuana. Hatua iliyofuata ilikuwa kuzipa macho. Mwaka 1987 Reynolds, wakati huo akiwa katika kampuni ya Symbolics, alichapisha modeli ya makundi ya ndege na samaki ambayo viumbe vyake aliviita boids. Kila kiumbe huwaona majirani wa karibu tu, na hufuata mambo matatu: asigongane nao, alinganishe kasi na mwelekeo wake na wao, na asitengane na kitovu chao. Hakuna kiongozi, na hakuna kanuni inayoamuru umbo la kundi. Hata hivyo viumbe hao wakiachiwa waruke, kundi hujiunda. Likikutana na nguzo hugawanyika, likapita pande mbili, likaungana tena mbele yake. Modeli hiyo ilivuta macho ya watu wa sayansi nyingine pia, kwa kuwa ilionyesha jinsi mpangilio mkubwa unavyoweza kutoka kwenye maamuzi madogo ya kila mmoja na jirani yake.

Kwa mhuishaji swali lilikuwa jingine: kundi lisilo na kiongozi linaongozwaje? Reynolds aliweka jibu ndani ya modeli yenyewe. Pamoja na zile kanuni tatu, kila kiumbe alipewa hamu ya kuhama, yaani mwelekeo au mahali alipopachagua mhuishaji, na mahali hapo pangeweza kusogezwa wakati tukio likiendelea. Matakwa yote haya, ya kukwepa, kufuatana, kukaribiana na kuhama, yaligombea nguvu ileile chache ya mbawa. Yalihudumiwa kwa zamu, kukwepa kugongana kukitangulia, mpaka nguvu ikaisha. Kwa sababu hiyo kundi liliweza kufikishwa pale mwongozaji alipotaka bila kuonekana linaburutwa. Filamu fupi ya Stanley and Stella in: Breaking the Ice iliionyesha modeli hiyo mwaka huo huo wa 1987, na mwaka 1992 makundi ya popo na pengwini katika Batman Returns yaliendeshwa kwa programu iliyotokana nayo.

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni The Lion King, filamu ya Disney ya mwaka 1994. Wasanii wake walisafiri hadi Kenya kutazama mandhari na wanyama, na majina ya Simba na Rafiki yalichukuliwa kwenye Kiswahili. Tukio la nyumbu wanaoporomoka bondeni, ambamo Mufasa anapoteza maisha, lisingewezekana kwa penseli. Nyumbu wanaohama kati ya Serengeti na Masai Mara ni zaidi ya milioni moja, na hata sehemu ndogo ya umati huo, ikichorwa mnyama mmoja mmoja, fremu moja moja, ni kazi isiyo na mwisho. Disney walimjenga nyumbu wa kompyuta, wakampa mienendo kadhaa ya kukimbia na kuruka, kisha programu iliyoandikwa kwa ajili hiyo ikamzidisha na kuwaelekeza nyumbu wote bondeni, kila mmoja akikwepa kumgonga mwenzake. Picha zao zilitolewa kwa mistari na rangi bapa ili wasitofautiane na nyumbu waliochorwa kwa mkono. Tukio lina urefu wa takriban dakika mbili na nusu, na lilichukua zaidi ya miaka miwili kukamilika. Aliyepata kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara atalitambua jambo la kweli ndani yake: kila mnyama anafuata mgongo wa aliye mbele yake, na kundi lote linakwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyepachagua.

Kuliendesha kundi kuligeuka kuwa rahisi kuliko kuendesha mkono mmoja. Mwaka 1985 William Armstrong na Mark Green wa Chuo Kikuu cha Alberta, na kwa upande mwingine Jane Wilhelms na Brian Barsky wa Berkeley, walichapisha kazi zilizoingiza kanuni za mwendo za Newton katika viungo vya wahusika wa kompyuta. Kila kipande cha mwili kilipewa uzito, kila kiungo kikapewa nguvu ya kukizungusha, na programu ikakokotoa mwendo uliofuata. Matokeo yalikuwa sahihi kifizikia na magumu mno kutumia. Mhuishaji aliyetaka mkono unyooke kushika kikombe alitakiwa kukisia nguvu za bega, kiwiko na kifundo kwa kila sehemu ya sekunde, na kosa dogo la begani lilivuruga kila kitu mpaka ncha za vidole. Mwili usiopewa nguvu yoyote ulianguka chini, kwa kuwa ndivyo fizikia inavyoamuru. Mzizi wa ugumu ni kwamba uigaji hutoka kwenye sababu kwenda kwenye tokeo, ilhali mwongozaji huanza na tokeo. Anajua kikombe lazima kishikwe. Namna misuli itakavyofika hapo si swali lake.

Jibu lililobadilisha fikra lilitolewa mwaka 1988 na Andrew Witkin na Michael Kass, waliokuwa watafiti wa kampuni ya Schlumberger huko Palo Alto, California. Waliligeuza swali. Hawakuuliza nguvu fulani zitazaa mwendo gani. Waliuliza ni nguvu zipi zitakazozaa mwendo unaotakiwa. Mhuishaji alitaja masharti: mhusika aanzie hapa, atue pale, amalize akiwa amesimama, na asipoteze nguvu bure. Sheria za Newton zikawekwa kuwa sharti mojawapo kati ya masharti hayo. Kisha kompyuta ikatafuta mwendo unaoyatimiza yote, ikiutazama muda wote wa tukio kwa pamoja, kwa hiyo jambo litakalotokea mwishoni liliweza kuathiri lililofanyika mwanzoni.

Mhusika wao alikuwa taa ya mezani ya Luxo, ile iliyopata umaarufu kwa filamu fupi ya John Lasseter ya mwaka 1986. Hakuna aliyeiamuru taa ijikunje kabla ya kuruka, lakini ilijikunja, kwa sababu anayetaka kufika mbali kwa nguvu chache hana budi kujikusanya kwanza. Ilinyooka hewani, ikabonyea ilipotua, ikajiweka sawa. Hizo ndizo kanuni ambazo wachoraji wa Disney walizigundua katika miaka ya 1930 kwa macho na mazoea, na ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston waliziandika katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kwamba hisabati ilipita njia yake na kufika palepale penseli ilipokuwa imefika nusu karne kabla ni mojawapo ya matokeo mazuri kabisa katika fani hii. Kilichoizuia njia hiyo kuenea haraka ni ukubwa wa hesabu. Taa ina viungo vichache. Mwili wa binadamu una makumi ya viungo, na kila kimoja kikiongezwa utafutaji huwa mgumu zaidi na hukwama kwa urahisi kwenye majibu mabovu.

Wengine waliona ni afadhali kumpa mhusika uwezo wa kujisimamia. Marc Raibert alikuwa amejenga roboti halisi zilizoruka kwa mguu mmoja, kwa miwili na kwa minne, na mwaka 1991 yeye na Jessica Hodgins walionyesha kuwa vidhibiti vya roboti hizo viliweza kuendesha viumbe vya kompyuta pia, akiwemo kangaruu. Hodgins aliendelea na kazi hiyo katika chuo cha Georgia Tech, na mwaka 1995 wahusika wake walikimbia, wakaendesha baiskeli na kuruka viunzi vya mazoezi. Mhuishaji hakutaja tena nguvu za kiwiko. Alitaja kasi na mwelekeo, na kidhibiti kikagawa kazi kwa viungo na kutunza mizani ya mwili. Ila kila tendo lilihitaji kidhibiti chake, kilichotungwa kwa subira na mtu aliyebobea, na kidhibiti cha kukimbia hakikujua lolote kuhusu baiskeli.

Karl Sims alijaribu kumwondoa hata huyo mtungaji. Mwaka 1994 alionyesha viumbe vya maboksi ambavyo maumbo na bongo zao vilitokana na mageuzi ndani ya kompyuta. Programu iliviunda kwa kubahatisha, ikavijaribu ndani ya maji au kwenye nchi kavu ya kuigwa, ikavizalisha vilivyoogelea au kutembea vizuri zaidi, na kurudia hivyo kizazi baada ya kizazi kwenye Connection Machine, kompyuta yenye vichakataji vingi vilivyofanya kazi kwa wakati mmoja. Baadhi vilipiga mikia, baadhi vilijiburuza, na vingine vikashindanishwa viwili viwili kugombea kiboksi kilichowekwa kati yake. Sims alitoa onyo ambalo kila mwenye kujenga uigaji hulikuta mbele yake: kasoro yoyote ya fizikia ndani ya programu, hata kosa la kukadiria desimali, mageuzi yataigundua na kuitumia. Njia hiyo huleta mienendo ambayo hakuna msanii angeibuni, lakini msanii hana namna ya kuagiza mwendo fulani na kuupata. Mwaka huo huo, Xiaoyuan Tu na Demetri Terzopoulos wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha samaki wa kuigwa wenye misuli, macho, njaa na woga, ambao waliamua wenyewe wale, wakimbie au watafute mwenza. Ni kazi ya kuvutia sana kutazama, na ndani yake mwongozaji amebaki na nafasi ndogo.

Kilichoupeleka uigaji katika kazi za kila siku za studio ni nguo. Terzopoulos na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1987 jinsi ya kuiga vitu vinavyonyumbulika, kitambaa kikiwemo, kwa kukigawa katika sehemu ndogo zinazovutana na kusukumana. Tatizo lilikuwa urefu wa hatua za muda. Kitambaa hukataa kunyooshwa, na ukaidi huo katika hesabu huwa nguvu kubwa mno; programu ikiruka hatua ndefu kidogo, makosa huzidishana, na ndani ya fremu chache shati hutawanyika skrini nzima. Kwa hiyo hatua zilipaswa kuwa fupi sana, na vazi moja likala muda mwingi wa kompyuta. Mwaka 1998 David Baraff na Witkin walichapisha njia ya kutoka hapo: nguvu zinazotumika kuisogeza nguo ni zile zitakazokuwapo mwishoni mwa hatua, na hizo hupatikana kwa kutatua mfumo mzima wa milinganyo kwa pamoja. Kila hatua ikawa na hesabu nyingi zaidi, lakini hatua zikaweza kuwa ndefu, na muda wa jumla ukashuka sana.

Pixar walikuwa wamekwisha kumvisha mzee wa filamu fupi ya Geri's Game, ya mwaka 1997, koti lililosogea kwa uigaji. Katika Monsters, Inc. ya mwaka 2001, fulana ya mtoto Boo na manyoya ya Sulley, yapata nywele milioni 2.3, yalisogezwa kwa programu ya Baraff, Witkin na Kass, ambao wakati huo wote walikuwa Pixar. Mwaka 2006 Chuo cha Sinema cha Marekani, kinachotoa Oscar, kiliwapa watatu hao tuzo ya kiufundi kwa kazi yao ya nguo.

Matumizi hayo yalifichua mgongano ambao maabara haikuuona. Wahusika wa katuni hutenda yasiyowezekana: mhusika akikunja mkono, kiwiko huzama mbavuni; akichuchumaa, paja hupenya tumbo, na mtazamaji hajali. Lakini nguo iliyobanwa kati ya nyuso mbili zilizopenyana haina mahali halali pa kwenda, na uigaji wa kawaida hukwama hapo au hutoa nguo iliyofungana mafundo. Mwaka 2003 watafiti hao watatu walichapisha mbinu inayoiruhusu nguo kuvumilia hali hiyo na kujinasua mara nafasi inapopatikana. Ndani ya mbinu hiyo umo uamuzi kuhusu nani mkubwa studioni. Uigizaji ni wa msanii na haurekebishwi ili fizikia iridhike. Fizikia ndiyo inayopindishwa.

Maji na moshi vina milinganyo yao, iliyoandikwa katika karne ya 19 na Mfaransa Claude-Louis Navier na George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland. Nick Foster na Dimitris Metaxas waliileta katika uhuishaji wa maji mwaka 1996, na miaka miwili baadaye mafuriko ya kuigwa yakajaza kichuguu cha filamu ya Antz. Mwaka 1999 Jos Stam alichapisha njia ya kuikokotoa isiyovurugika hata hatua ikiwa ndefu. Ni mbinu fupi kiasi cha kuandikwa na mwanafunzi kwa siku chache, na ilisaidia kuupeleka moshi wa kuigwa hadi kwenye michezo ya kompyuta.

Ila moshi haupokei maelekezo. Upepo ukibadilishwa kidogo mwanzoni, sekunde chache baadaye umbo ni jingine kabisa. Mwongozaji aliyesema moshi ule ukunjike zaidi upande wa kushoto alikuwa, bila kujua, anaagiza jaribio jipya lote na usiku mwingine wa kusubiri. Mwaka 2003 Adrien Treuille, Antoine McNamara, Zoran Popović na Stam waliligeuza swali kama Witkin na Kass walivyofanya: msanii aliweka maumbo ambayo moshi ulipaswa kuyafikia katika nyakati fulani, na kompyuta ikatafuta pepo ndogo zaidi za siri za kuufikisha huko. Mikao mikuu ya wachoraji wa Disney ikawa imeingia ndani ya uigaji wa upepo.

Wengine waliupata uhuru wa kuchagua tokeo ndani ya kutojua kwa mtazamaji. Ronen Barzel, John Hughes na Daniel Wood walieleza mwaka 1996 kwamba sinema haihitaji mwendo pekee wa kweli, inahitaji mwendo unaoaminika. Meza halisi ina mikwaruzo, mpira halisi una kasoro, na hakuna anayeziona kwa macho. Kwa hiyo zipo njia nyingi ambazo mpira ungeweza kupita, zote zikiwa za haki. Mwaka 2000 Stephen Chenney na David Forsyth walizichambua njia hizo kwa takwimu mpaka wakapata zile adimu zenye tokeo walilolitaka, kwa mfano dadu zinazorushwa na kutua jinsi ilivyotakiwa. Kila mdundo wa dadu hizo unaaminika. Kilicho nadra ni jumla yake, na jumla ndiyo iliyochaguliwa na mtu.

Makundi nayo yalikua. Kwa filamu za The Lord of the Rings, zilizotolewa kati ya 2001 na 2003, Stephen Regelous wa New Zealand aliandika programu ya Massive, ambamo kila askari ana macho, masikio na mtandao wa kanuni za kuamua apige, akinge au akimbie. Katika majaribio ya mwanzo baadhi ya askari walionekana wakiuacha uwanja wa vita, na habari ikaenea kwamba kompyuta imeingiwa na woga. Sababu ilikuwa nyepesi: walikuwa wamepangwa wakikimbia, hawakumwona adui mbele yao, na hakuna kanuni iliyowaambia wageuke. Mwongozaji wa umati wa namna hiyo hufanya kazi kwa kubadilisha tabia na kuendesha tukio upya, na askari wachache wanaoharibu picha huondolewa mmoja mmoja.

Kwa Frozen ya mwaka 2013, Disney na wanahisabati wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walitengeneza modeli ya theluji, kitu kinachobomoka kama kigumu na kumiminika kama majimaji kwa wakati mmoja. Modeli hiyo ilipata matumizi yasiyotarajiwa. Johan Gaume, mtafiti wa maporomoko ya theluji aliyekuwa katika chuo cha EPFL nchini Uswisi, aliijenga kazi yake juu ya programu hiyo, na mwaka 2021 yeye na Alexander Puzrin wakachapisha uchunguzi unaoonyesha jinsi poromoko dogo lilivyoweza kusababisha maafa ya wapanda milima tisa katika Kipito cha Dyatlov, milima ya Ural, mwaka 1959.

Lile tatizo la vidhibiti vinavyotungwa kimoja kimoja lilifunguliwa upya na ujifunzaji wa mashine. Mwaka 2018 Xue Bin Peng, Pieter Abbeel na Sergey Levine wa Berkeley, pamoja na Michiel van de Panne wa Chuo Kikuu cha British Columbia, walichapisha mfumo wa DeepMimic. Mhusika hupewa kipande kifupi cha mwendo wa mfano, tuseme sarakasi ya kupinduka nyuma, kisha hujaribu kuuiga ndani ya fizikia ya kuigwa. Huanguka, hupewa alama kadiri alivyoukaribia mfano, hujaribu tena, na baada ya mamilioni ya hatua hupata kidhibiti ambacho hakuna mtu aliyekitunga. Akisukumwa hujirekebisha. Mhuishaji anaweza kuongeza alama za lengo juu ya zile za mtindo, kama kurusha mpira ufike kwenye shabaha, na mhusika hutafuta namna ya kuvitimiza vyote viwili. Mwaka 2020 Peng na wenzake wa Google walitumia mbinu za aina hiyo kuifundisha roboti ya miguu minne, ndani ya uigaji, mwendo ulionaswa kutoka kwa mbwa, na roboti hiyo ikatembea kwa mwendo huo kwenye sakafu halisi.

Vidhibiti vya kujifunza vimeingia zaidi katika roboti na utafiti wa michezo ya kompyuta kuliko katika filamu. Katika filamu ndefu za katuni, macho, midomo na mikao ya mhusika bado huwekwa na msanii kwa njia iliyotokana na ile ya Burtnyk na Wein. Nywele, nguo, vumbi na maji huigwa baada ya uigizaji kukubaliwa, na fremu ambazo uigaji haukupendeza hurekebishwa kwa mkono kabla ya picha kutolewa.